Ulikata Lini?

Babu yangu alinifundisha kupogoa maua akiwa haoni. Presha ya macho ilichukua jicho la kulia mwaka niliomaliza kidato cha sita, na nilipoanza shahada ya uzamili ya historia la kushoto nalo lilikuwa limebakiza mwanga tu. Anajua mchana na usiku, anajua kama mtu amesimama mlangoni, basi. Wanaomwonea huruma huwashangaa. "Ningekuwa fundi saa ningelia," huwaambia. "Mimi ni mtu wa majani."

Kwetu ni Lugoba. Ukipanda basi la Tanga kutoka Dar es Salaam, ukishaiacha Chalinze nyuma, utatuona: vibanda vya matunda, malori ya kokoto, na vumbi jeupe la machimbo lililolala juu ya kila jani lililo karibu na barabara. Uwanja wa babu umezungushiwa mimea ya aina tatu. Nyuma, upande wa choo na zizi la mbuzi, kuna minyaa. Pembeni ni michongoma yenye miiba ambayo hata mbuzi huiheshimu. Mbele, pale wageni wanapoingilia, ni bogenvilia za zambarau, mashina manene kama paja la mtoto. Hizo za mbele ndizo nilizoziharibu.

Ilikuwa Julai. Nilikuwa nimeenda nyumbani na kinasa sauti, nikimhoji babu kwa ajili ya tasnifu yangu kuhusu watumishi wa majumbani katika mashamba ya mkonge. Masika yalikuwa yameisha vizuri mwaka ule, na bogenvilia zilikuwa zimetoa matawi marefu yaliyochanganyikana na nyaya za umeme na kumkwaruza kila aliyepita. Nikasema mwache nimfurahishe mzee. Nilichukua mkasi wake mkubwa wa mikono miwili, nikapanda juu ya kigoda, na kwa siku mbili nikakata mpaka ua ukawa mnyoofu kama ukuta wa tofali. Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la familia. Shangazi zangu wakajibu kwa vikofi. Babu alikuwa barazani, akisikiliza mkasi, na hakusema neno.

Mwisho wa Agosti nilirudi tena. Jioni ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba, akaniuliza, "Bibi, bogenvilia zimechanua?"

Nikatazama. Vijiti, na majani machache ya kijani. Nyumba ya jirani ilikuwa inawaka zambarau.

"Zimechanua, babu."

"Nyingi?"

"Nyingi sana."

Nimeuweka uongo huu mwanzoni kwa sababu ninasoma fani ambayo hutumia nusu ya muda wake kuuliza kama shahidi anasema kweli. Tuna semina nzima kuhusu kuaminika kwa masimulizi ya mdomo: mzee anakumbuka vibaya, mzee anajikweza, mzee anamwambia mtafiti anachotaka kusikia. Hakuna semina niliyohudhuria iliyouliza mtafiti anamwambia mzee nini.

Rudi nami Bagamoyo kidogo. Mwaka 1868 mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefika Zanzibar kutoka kisiwa cha Réunion, walifungua misheni Bagamoyo chini ya padri Antoine Horner. Walipanda minazi, miembe, mikahawa, mboga, maua. Ukienda leo bado utapita katikati ya miembe iliyopangwa safu mbili, na utaoneshwa mbuyu uliomeza mnyororo: inasimuliwa kwamba mwanamke wa Kifaransa, Madame Chevalier, aliuzungushia shina mnyororo ili kumfunga punda wake, na mti ukakua juu ya chuma hadi kikabaki kipande kidogo tu nje. Watalii hupiga picha kipande hicho. Babu, aliyeuona mbuyu huo zamani, alichojifunza pale ni kwamba usifunge waya kwenye shina la mti unaoutaka uishi kwa amani.

Waliolima bustani ile walikuwa hasa watoto na vijana walionunuliwa kutoka katika soko la watumwa la Zanzibar, kabla soko halijafungwa mwaka 1873, na wengine waliookolewa baadaye. Walikombolewa, wakabatizwa, wakapewa jembe. Tunajua majina ya mapadri. Mmoja wao, Charles Sacleux, aliyeishi pwani hii kuanzia mwaka 1879 hadi 1898, alikusanya mimea mingi kiasi kwamba jenasi nzima inaitwa Sacleuxia, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapwa Paris kati ya 1939 na 1941, imejaa majina ya miti na vichaka vyetu. Mtu aliyemwonesha kila kichaka na kumwambia hiki kinaitwa hivi, huyo hana jenasi.

Halafu Wajerumani. Mwaka 1893 bustani ya majaribio ilianzishwa Dar es Salaam, ile tunayoiita Botanical Garden hadi leo, chini ya Franz Stuhlmann. Mwaka huohuo Richard Hindorf aliingiza mkonge kutoka Florida. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani, na kutoka katika hiyo likaota taifa zima la mkonge, babu yangu akiwemo. Na miaka miwili kabla, sheria ya ujenzi ya 1891 ilikuwa imeshaanza kuamua nyumba ya aina gani isimame wapi Dar es Salaam. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini: majina hayo hayahitaji ramani. Uzunguni ulikuwa unaujua kwa nyasi zilizofyekwa na ua ulionyolewa.

Neno hilo, kunyolewa, ndilo lililonisimamisha. Babu hulitumia kwa dharau. Kwake kuna kupogoa na kuna kunyoa. Anayenyoa hufuata kamba. Anayepogoa huchagua tawi.

Nilidhani ni maringo ya fundi, mpaka nikaanza kufikiria maua ya bibi, marehemu mkewe. Bibi alikuwa na asmini dirishani, mhina karibu na kisima, na mrehani ndani ya sufuria bovu. Sikumbuki akishika mkasi hata siku moja. Lakini asmini aliichuma kila jioni, kabla ya magharibi, vikonyo vikiwa bado vimefumba. Mrehani aliukata vichwa kwa kucha kila ulipotaka kutoa mbegu, nao ukazidi kutanuka. Mhina uliachwa utoe matawi mapya, ukakatwa ikikaribia harusi au Idi, majani yakaanikwa, shina likachipua tena. Mimea yote mitatu huishi kwa kukatwa. Asmini hutoa maua kwenye vichipukizi vipya, kwa hiyo mkono unaochuma na kuvunja ncha kila siku unafanya kazi ileile ya mkasi, polepole, mwaka mzima. Wanawake wa pwani walikuwa wanapogoa karne nyingi kabla mtu hajawaletea bustani. Hawakuita kupogoa kwa sababu walikuwa wanatafuta kikuba cha nywele na wanja wa vidole, na hakuna aliyewaandika kwenye historia ya kilimo. Hata mimi nilikuwa nimepanga kuwaacha nje ya tasnifu. Nilikuwa nahesabu wanaume wenye mikasi.

Babu alikuwa mmoja wao. Alianza kazi miaka mitano kabla ya Uhuru, akiwa kijana wa miaka kama kumi na tano, katika shamba la mkonge kando ya Reli ya Kati, upande wa Ngerengere. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukata mkonge. Mwezi wa tatu mwiba wa jani ulimwingia karibu na jicho, msimamizi akamhamishia nyumbani kwa meneja, Mgiriki. Huko akakabidhiwa mkasi, tupa ya kunolea, na ua wa bogenvilia wenye urefu wa hatua sabini. Cheo chake kilikuwa shamba boi. Alikiitikia hadi alipokuwa baba wa watoto wanne.

Mkonge ulikuwa ndio nchi wakati huo. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000, na hakukuwa na zao lililotuingizia fedha za kigeni kama hilo. Wanahistoria wameandika vizuri kuhusu wakataji mkonge, manamba waliosafirishwa kutoka mbali, vyama vya wafanyakazi, na Tanganyika Federation of Labour ya mwaka 1955 na katibu wake mkuu Rashidi Kawawa. Watumishi wa ndani wameandikwa kidogo. Kitabu cha Janet Bujra, Serving Class, ndicho kilichonipa ujasiri kwamba mada yangu ni mada. Lakini watumishi wa ndani maana yake mpishi, dobi, yaya. Mtu wa nje, anayelipwa ili majani yasizidi, hupita kwenye vitabu kama anavyopita kwenye picha za zamani: pembeni kabisa, ameinama, uso hauonekani.

Basi nilimwuliza kuhusu ua ule. Kinasa sauti kilikuwa kimewashwa. Nina dakika zote arobaini.

Mke wa meneja alitaka ukatwe kila Jumamosi. Hakujali kiangazi wala masika. Alikaa barazani na chai yake, na alichotaka kuona mbele yake ni mstari. Babu, ambaye alikuwa mtoto wa mkulima na ana macho, aligundua mwaka wa kwanza tu kwamba ua unaokatwa kila Jumamosi hautoi ua hata moja. Bogenvilia huchanua kwenye matawi mapya, yaliyopata nafasi ya kurefuka na kukomaa. Ukikata ncha kila wiki, umekata maua ambayo hayajazaliwa. Na hayo tunayoyaita maua si maua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kibomba cheupe kidogo cha katikati. Mmea huvaa hayo majani baada ya mvua kuisha, unapopata kiu kidogo. Maji mengi na mkasi mwingi huufanya unenepe bure.

"Nikamwambia yule mama," babu anasema kwenye kanda. "Akasema, wewe kata."

"Ukakata?"

"Nikakata. Upande wake."

Kinasa sauti kimenasa kicheko chake kirefu hapo, na kikohozi. Kila Jumamosi alinyoa upande wa barazani, ukawa ukuta wa kijani, laini, hauna kasoro. Upande wa pili, uliotazama njia ya wakata mkonge, aliuacha. Aliupogoa mara moja kwa mwaka, kabla ya masika. Kwa hiyo kuanzia Julai hadi Oktoba, wanaume waliokwenda mashambani alfajiri walipita kando ya ua uliofunikwa na zambarau toka chini hadi juu, na mwenye ua akanywa chai yake akitazama majani. Akiulizwa, babu alisema kule nyuma kuna miiba mingi, mkasi haufiki. Uongo huo ulidumu miaka kumi na moja.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge. Mgiriki akaondoka. Meneja mpya alikuwa Mtanzania, kijana, msomi, mtu mwema kwa maelezo ya babu, na wiki ya kwanza alitoka barazani akatazama ua na kusema anataka unyooke. "Yeye alikuwa na kamba ya kupimia," babu anasema. "Mgiriki hakuwa na kamba." Mshahara ulipanda kidogo. Upande wa njiani ulibaki vilevile.

Nimesikiliza kipande hicho mara nyingi, na kila mara nafikiria nyaraka ninazosoma Dar es Salaam: ripoti, bajeti, barua za mameneja. Zote ziliandikwa barazani.

Mkonge ulipoanza kuanguka bei, babu alipunguzwa kazini. Akaondoka na mkasi, kwa idhini au bila idhini sikuuliza, na vipande kumi na viwili vya bogenvilia vilivyofungwa ndani ya gunia bichi. Alikata vipande vya urefu wa kiganja na nusu kutoka kwenye tawi lililokwisha kuwa gumu, si laini la kijani wala la kale lenye magome, akavipanda kivulini mvua za kwanza zilipoanza. Saba vilishika. Alikuta familia yake imehamishwa: Novemba 1973 Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na bibi alikuwa amesogezwa kutoka kwenye shamba la ukoo hadi kwenye kiwanja kilichopimwa, nyumba zikiwa kwenye mstari. Babu, mtaalamu wa mistari, aliiangalia na kupanda bogenvilia zake kwa kupindapinda kidogo. Ukiwa ndani huoni. Ukiwa barabarani unaona wazi kwamba ua wetu haufuati kamba ya mtu.

Na huo ndio ua niliounyoosha Julai.

Uongo wangu ulidumu siku tisa. Siku ya kumi niliamka usiku, nikasikia fimbo yake uwanjani. Nikatoka. Alikuwa amesimama mbele ya bogenvilia, ameweka fimbo chini, mikono miwili ndani ya matawi, akipapasa taratibu kutoka chini kwenda juu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Ua la bogenvilia ukiligusa ni kama karatasi kavu. Hata kipofu wa jana hawezi kulikosa. Miiba ilikuwa imemkwaruza vidole. Nilisimama nyuma yake nikitafuta sentensi ya kuanzia.

Hakuniuliza kwa nini nilimdanganya. Aliuliza, "Ulikata lini?"

"Julai, babu. Ulikuwepo."

"Nilisikia. Nilidhani unapunguza."

Tukarudi barazani, akaanza kufundisha, saa nane ya usiku. Nayaandika hapa alivyoyasema, kwa sababu niliyasaka baadaye kwenye vitabu vya bustani na sikuona cha kusahihisha.

Bogenvilia ikate sana mara moja, mwisho wa kiangazi kikuu, Februari ikiisha au Machi mwanzoni, mawingu yakianza kujikusanya. Mvua itakuta kisiki kiko tayari. Matawi yatarefuka masika yote, yatakomaa kwenye kipupwe, yatachanua. Ukikata Julai umekata kazi ya masika nzima, na hakuna maji ya kuianza upya. Mhibiskasi nao ni hivyohivyo, unachanua kwenye tawi jipya, ila una huruma zaidi. Msitu wowote uliozeeka usiukate wote siku moja. Toa theluthi moja ya mashina makongwe mwaka huu, toka chini kabisa, mwakani theluthi nyingine. Kata juu kidogo ya jicho linalotazama nje, mshazari, maji yateleze. Mkasi mkali. Mkasi butu hauikati, unaiponda, na palipopondwa huoza. Minyaa ikatwe wakati wa jua, ukiwa na upepo mgongoni, kwa kuwa maziwa yake yakiingia jichoni utapiga kelele Chalinze isikie. Na ua wa michongoma uwe mpana chini kuliko juu. Watu wote hufanya kinyume, wanauachia kichwa kikubwa, kinaziba jua, chini kunakuwa na miguu mitupu ambayo kuku na wezi hupita.

"Sasa mimi nilifanya nini?" niliuliza.

"Ulifanya ua wa Jumamosi."

Hiyo ndiyo adhabu niliyopata, na ilitosha. Sikulala. Kilichoniuma hasa si maua. Ni kwamba kwa siku tisa nilimketisha mzee barazani na kumwambia kinachoonekana, kwa sababu nilikuwa na uhakika hataweza kufika upande wa pili. Nilimfanyia alichomfanyia mke wa meneja, nikiwa sina hata sababu zake.

Asubuhi nilimwomba ruhusa ya kuandika haya. Akafikiri, akasema niandike, ila nisitaje jina la shamba, maana huenda mkasi wakaudai.

Nilirudi Machi. Nilichukua likizo ya siku nne kutoka kwenye sura ya pili, ambayo ilikuwa haiendi popote. Tulianza saa moja asubuhi, kabla ya jua. Babu alikaa kwenye kigoda kando ya shina la kwanza, kofia kichwani, mkono mmoja kwenye tawi. Utaratibu ulikuwa hivi: mimi nasema ninachokiona, yeye anapapasa, anaamua. Tawi hili limeingia ndani, linasugua jingine. Toa. Hili limekauka ncha. Fuata mpaka ukute rangi nyeupe yenye maji, kata hapo. Hili refu, zuri, linaenda barabarani. Liache nusu. Nusu wapi? Jicho la tano. Alihesabu macho kwa kidole gumba, haraka kuliko mimi ninavyohesabu nikiona.

Majirani walipita, wakamwamkia, wakanicheka kidogo. Mvulana mmoja wa sekondari alisimama na kuuliza kama tunauza miche. Lori la kokoto likapita na vumbi lake, babu akafumba macho, kwa mazoea.

Shina la tatu lilikuwa kongwe kuliko yote, moja kati ya yale saba. Nilimwambia kuna mashina sita makubwa. Akasema toa mawili. Nikashusha mkasi, nikabana, tawi likakatika kwa sauti nzito.

"Hilo umeliponda," akasema. "Leta tupa."

Nikamletea. Akaweka mkasi magotini, akaupapasa makali kwa kucha, na kuanza kunoa, huku mimi nikiwa nimeshikilia tawi lililobaki ili nisisahau lilikuwa lipi.